Chakula Kipo Baharini, Mtoto Yuko Nchi Kavu: Shajara ya Mchezo wa Ubao

Januari, shule zimefunguliwa

Klabu ya sayansi imekubali wazo. Mwaka huu hakuna volkano ya siki na magadi. Tunatengeneza mchezo wa ubao kuhusu sili (mamalia wa baharini mwenye mapezi na shahamu nene chini ya ngozi) na ndege wa baharini, wanavyopata wenza na wanavyolea. Mwalimu wa Jiografia ameuliza kwa nini tusichukue kasa au pomboo, ambao tunao hapa hapa pwani. Nimemwambia hao shida yao ni ndogo. Kasa anapanda ufukweni usiku, anafukia mayai, anarudi zake majini, na habari ya malezi imeishia hapo. Pomboo anazaa majini na mtoto anaogelea ubavuni mwa mama huku mama akiwinda. Sili na ndege wa baharini ndio waliobanwa. Riziki yao iko baharini, lakini yai haliatamiwi majini, na sili hana budi kupanda ufukweni au kwenye barafu ili azae. Mzazi akikaa na mtoto, hali. Akienda kula, mtoto yuko peke yake. Mchezo wote umesimama hapo.

Ubao ni kipande cha plaiwudi. Katikati kuna kisiwa, na kukizunguka kuna duara 5 za bahari. Kete ni komwe za bao tulizoazima kwa babu wa mwanafunzi mmoja, kwa sharti zirudi zote. Komwe moja ni shahamu, mzunguko mmoja ni wiki. Kukaa nchi kavu kunakugharimu komwe. Kumlisha mtoto ni kuhamisha komwe kutoka bakuli lako kwenda bakuli lake. Mtoto akiachwa pasipo mzazi, anavutiwa kadi ya hatari: dhoruba, jua, ndege mwizi wa vifaranga, na kwa sili wa Cape Cross kule Namibia, bweha na fisi wa kahawia.

Nimesisitiza jambo moja. Hakuna sheria itakayosema "mama afanye hivi, baba afanye vile." Tunaweka umbali wa chakula, kiasi cha shahamu na muda wa msimu, kisha tunaona wachezaji wenyewe wataishia wapi.

Februari, kadi za sili wa barafuni

Kadi ya kwanza kukamilika ni ya sili wa kofia wa Atlantiki ya Kaskazini, na imeleta kizaazaa. Mama huyu ananyonyesha kwa siku 4 basi. Hakuna mamalia mwingine anayejulikana kuachisha ziwa haraka hivyo. Mtoto anazaliwa na kilo 25 hivi, anaongezeka kiasi cha kilo 7 kwa siku, na siku ya nne uzito wake umekaribia mara mbili. Maziwa yenyewe ni mafuta kwa asilimia 60 hivi. Ukiyamimina kwenye kikombe yatateremka polepole kama uji mzito.

Kwa sheria zetu maana yake ni kwamba mchezaji huyu anamaliza kabla ya wenzake hawajarusha dadu mara ya pili. "Mwalimu, mimi nimeshamaliza, nifanye nini?" Wengine wakadai apunguziwe kasi. Nimekataa. Badala yake tumekubaliana mchezo uende kwa miaka 2, ili anayemaliza mapema arudi msimu unaofuata.

Kwa nini siku 4? Wanafunzi wameanza na jibu la wazi, barafu inavunjika, nalo ni sahihi: vipande vya barafu ya mwezi Machi si mahali pa kutegemea. Lakini binti anayetunza bakuli za komwe ameona jambo lingine kwenye hesabu yake. Mama akikaa wiki 4, komwe nyingi zinaliwa na mwili wake mwenyewe kwa kukaa tu: kupumua, kujipasha joto. Akimaliza upesi, sehemu kubwa ya shahamu inamfikia mtoto. Haraka ni nafuu. Sikuwa nimemfundisha hilo; limetoka kwenye bakuli.

Dume wa sili huyu tumempa kadi ndogo. Anakaa karibu na mama na mtoto, anawafukuza madume wengine, na kupitia tundu moja la pua anatoa utando mwekundu uliojaa hewa. Mtoto akiachishwa ziwa tu, mama na dume wanashuka majini kupandana. Darasa limecheka kama ilivyotarajiwa. Tukasubiri kicheko kiishe, tukaendelea.

Mwisho wa Februari, sili tembo

Huyu ndiye aliyetuchukulia muda, na sijutii. Tumechagua sili tembo wa kaskazini, wa Año Nuevo, California, kwa sababu mtafiti Burney Le Boeuf na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia pale tangu 1968, kwa hiyo takwimu zipo za kutosha kutengenezea kadi.

Mama anafika, baada ya wiki moja hivi anazaa, ananyonyesha karibu wiki 4 bila kuonja kitu. Mtoto anatoka kilo 35 hivi hadi zaidi ya 120. Mama anaondoka amepoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake. Kwenye ubao anaanza na komwe 12 na kuondoka na 7. Kubaki na chini ya 5 ni kufa. Ukianza na komwe chache kwa sababu ulikula vibaya mwaka uliopita, unaachisha ziwa mapema, na mtoto anaingia baharini mwepesi.

Akishaondoka mama, mtoto anabaki ufukweni miezi 2 au zaidi bila kula, akijifunza kuogelea kwenye maji ya kina kifupi na kuishi kwa shahamu aliyorithi. Hapo tumeweka "kadi ya mwizi." Kweli kabisa, baadhi ya watoto walioachishwa, wengi wao madume, wanajipenyeza kunyonya kwa mama mwingine na kunenepa kupita kiasi. Mama akigundua, anang'ata. Kwenye mchezo mwizi anarusha dadu: 5 au 6 anapata komwe 2, vinginevyo anapoteza moja kwa jeraha. Hakuna kadi inayopendwa kuliko hii.

Halafu dume. Yeye hana bakuli la mtoto. Anapanda ufukweni mwezi Desemba, anakaa miezi karibu 3 bila kula, na shahamu yake yote inakwenda kwenye mapigano na kulinda majike. Dume mkubwa anapita tani 2. Madume wachache wa juu ndio wanaopandana na sehemu kubwa ya majike. Wengi waliozaliwa madume wanakufa bila kuwahi kupata jike hata mmoja. Nimeyaweka hayo kwenye ubao mdogo wa pembeni jinsi yalivyo. Kijana mmoja amecheza dume mara nyingi bila kupata kitu na akaniambia mchezo huu una upendeleo. Unao.

Swali lililofuata ndilo nililolitaka: mbona ufukweni dume mmoja ana majike wengi, na kule kwenye barafu ya sili wa kofia hana? Mwanabiolojia George Bartholomew alilijibu mwaka 1970. Majike wanakula baharini lakini wanazaa nchi kavu, na nchi kavu inayofaa ni haba: kisiwa kisicho na mnyama wa kuwala, ufukwe wenye nafasi. Wanarundikana. Wakirundikana, dume mmoja mwenye nguvu anaweza kuwazuia wengi. Barafu inayoelea haina mipaka hiyo, majike wanatawanyika, na dume hawezi kulinda zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Tumeongeza sheria moja: upana wa ufukwe unapangwa kwa dadu mwanzoni mwa msimu. Ufukwe ukiwa mwembamba, dume wa juu anachukua karibu wote. Ukiwa mpana, hata yule kijana anapata wawili watatu.

Kuna "kadi ya kusubiri" pia. Jike anapandana siku chache kabla ya kuondoka ufukweni, kwa sababu hapo ndipo majike na madume wanapokutana, mara moja kwa mwaka. Kijusi kinasimama bila kujishikiza kwa miezi kadhaa, kisha mimba inaendelea, ili uzazi uangukie msimu ule ule mwaka unaofuata. Mchezaji anaweka komwe moja nyeupe kando na haruhusiwi kuigusa.

Machi, sili manyoya na sauti ya mama

Sili manyoya hana akiba ya kukaa mwezi mzima, kwa hiyo anakwenda na kurudi: siku chache baharini, siku moja mbili kunyonyesha, miezi kwa miezi. Shida yake ni kumpata mtoto wake kati ya mamia wanaolia ufukweni.

Watafiti waliwasikiliza sili manyoya wa kisiwa cha Amsterdam, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi yetu hii, na mwaka 2001 walichapisha jibu zuri sana. Mtoto anajifunza sauti ya mama kati ya siku ya 2 na ya 5 tangu kuzaliwa, na mama haondoki kwenda kula mpaka mtoto awe ameijua. Pale safari ya chakula inaweza kuchukua wiki 2 au 3, kwa hiyo kuondoka mapema ni kumpoteza mtoto.

Sheria: kabla ya kuondoka, mama na mtoto (wachezaji wawili) wanapatana mluzi wao. Mama akirudi, mtoto anafumba macho na wachezaji wote wanapiga miluzi kwa pamoja. Akimtambua mama, ananyonya. Akimkimbilia mama mwingine, anang'atwa na kupoteza komwe. Chumba kimekuwa na kelele hadi makamu mkuu wa shule akaja kuchungulia.

Aprili, ndege

Kwa upande wa ndege nimeanza nyumbani. Fungu Kizimkazi, kisiwa tambarare cha matumbawe kusini-mashariki mwa Unguja, ni mazalia ya buabua na ya sula uso-mweusi. Mzee wangu mmoja, mvuvi wa siku nyingi, nimemwendea kumpa shikamoo na kumwonyesha picha ya sula. "Hawa tunawafuata," akasema. "Wakijitupa majini kwa wingi, chini kuna jodari." Nikamuuliza kama anajua wanataga mayai mangapi. "Mawili. Wanakuza mmoja."

Ndivyo ilivyo. Sula huyu anataga mayai 2 kwa kupishana siku kadhaa, anayaatamia chini ya nyayo zake pana kwa wiki 6 hivi, na wa kwanza kuanguliwa anamsukuma mdogo wake nje ya kiota ndani ya siku chache. Wazazi wanatazama tu. Yai la pili ni akiba: la kwanza likiharibika, lipo jingine. Likitoka zima, kifaranga wa pili hana nafasi, kwa sababu wazazi hawawezi kuleta samaki wa kuwatosha wawili. Wasichana wawili wamekataa kucheza kadi hiyo. Nimewaruhusu wasiicheze, lakini kadi inabaki.

Pengwini mkubwa wa Antaktika amekuwa rahisi kuandika, kwa kuwa umbali ndio unaoamua kila kitu. Mama anataga yai moja mwezi Mei au Juni, barafu ikiwa imetanda hadi mbali, akiwa ameishiwa. Analisukuma yai kwenye miguu ya baba na kuondoka kwa miguu kutafuta bahari. Baba anaatamia kwa siku 64 hivi. Ukijumlisha na muda wa kuchumbiana uliotangulia, amefunga karibu miezi 4 na kupoteza kama asilimia 40 ya uzito. Kifaranga akitangulia kuanguliwa kabla mama hajarudi, baba anamtapishia utelezi mzito kutoka kooni, unaotosha siku chache. Wachezaji wa pengwini wanaruhusiwa kusongamana: wakiweka kete zao pamoja, kila mmoja anaokoa nusu ya gharama ya wiki.

Na pengwini hawa hawangojani. Katika kila jozi 100, kama 15 tu ndizo zinazorudiana mwaka unaofuata. Hawana kiota cha kukutania, na saa ya shahamu inatembea. Anayechelewa anakuta mwenzake ameshapata mwingine. Albatrosi, ndege wakubwa wa bahari wenye mabawa marefu, wana kiota, wana miaka mingi, na wanaweza kungoja. Nimewaweka wawili hawa wakabiliane kwenye ubao, ili aliyezoea kusikia kuwa ndege fulani ni mwaminifu na mwingine si mwaminifu aone gharama ya kungoja kwanza.

Albatrosi mkubwa mwenyewe: yai moja, siku 78 za kuatamia kwa zamu, kisha kifaranga analishwa miezi 9. Msimu unamaliza karibu mwaka, ndiyo maana wanaofaulu wanazaa mwaka mmoja na kuruka mmoja. Mwaka 1990 watafiti Jouventin na Weimerskirch walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa setilaiti kutoka visiwa vya Crozet: safari moja ya kutafuta chakula ilikuwa kati ya kilomita 3,600 na 15,000. Kubeba samaki mzima umbali huo hakuna faida. Tumbo linageuza sehemu ya mawindo kuwa mafuta mazito, na hayo ndiyo analetewa kifaranga pamoja na mabaki ya ngisi. Kwenye ubao, komwe iliyobebwa kutoka duara la 5 inahesabiwa mara mbili.

Aprili, jaribio la albatrosi

Wawili wanacheza jozi moja, mmoja kila upande wa meza, na ni marufuku kuongea. Aliye kwenye yai haoni dadu za mwenzake. Leo aliyeatamia ni kijana mpole wa kidato cha pili. Komwe zake amezifunika kwa kiganja na kila mzunguko anainua vidole kidogo kuzihesabu, utadhani zitaongezeka. Mwenzake yuko duara la 5 na amevuta kadi ya "bahari shwari" mara mbili mfululizo. Albatrosi bila upepo hana lake. Anakaa juu ya maji. Komwe zikabaki 2. Sheria inasema hapo unaruhusiwa kuliacha yai, na ndivyo ndege hawa wanavyofanya wakikaribia kikomo cha mwili. Kijana amekaa mzunguko mmoja zaidi, ikabaki moja, akainuka kwenye yai akaenda baharini. Mwenzake alikuwa duara la 1, akirudi.

Kundi zima lilipiga kelele kwamba alipaswa kuvumilia. Mimi namuunga mkono. Ndege anayeweza kuishi miongo mingi hapaswi kufa kwa ajili ya yai moja. Wisdom, albatrosi wa Laysan wa kisiwa cha Midway, alifungwa pete mwaka 1956 akiwa tayari mtu mzima, na mwishoni mwa 2024 alitaga tena. Hajafika huko kwa kung'ang'ania kila yai.

Mei, tumeondoa maziwa

Hili ndilo jaribio nililolingojea. Nimechukua kadi ya mama sili tembo na kufuta neno moja: maziwa. Kila kitu kingine kimebaki, ila sasa lazima alete samaki kutoka duara la 4.

Haikuchukua muda. Mama akienda, mtoto anavuta kadi za hatari. Akibaki, hakuna cha kumpa. Mchezaji, msichana asiyependa kushindwa, akajaribu safari fupi, akajaribu kumlimbikizia mtoto kwanza, mwishowe akagonga meza: "Mwalimu, nipe mume!" Nikampa. Wakaanza kupeana zamu, na ndani ya mizunguko michache walikuwa wanacheza kama albatrosi, bila mtu kuwaambia.

Tukageuza. Albatrosi jike nimempa maziwa na shahamu ya kutosha wiki 4. Mchezaji wa kiume akatazama bakuli la mkewe, akatazama bahari, akasema, "Sasa mimi nakaa hapa kufanya nini? Natafuta kiota kingine." Hapo hata makamu mkuu alicheka.

Nimewatahadharisha wasiimalizie habari yote hapo. Sili manyoya ana maziwa, anakwenda na kurudi, na bado baba hasaidii. Maziwa yake mazito yanamwezesha mtoto kushinda njaa kwa siku nyingi hadi mama arudi. Na sili hawakuchagua maziwa walipofika baharini, waliingia nayo tayari wakiwa mamalia. Ila kwenye ubao tofauti ilionekana kwa macho: shahamu inayogeuka maziwa inamfungua baba, na yai linamfunga.

Kisha nikaleta kadi ya Oahu, Hawaii. Katika koloni moja la albatrosi wa Laysan, watafiti walikuta mwaka 2008 kwamba asilimia 31 ya jozi ni majike wawili. Madume ni wachache pale. Majike wanapandana na dume wa kiota kingine, kisha wanaatamia kwa zamu wao kwa wao. Yai moja tu linaweza kuatamiwa, na kufaulu kwao ni kwa chini kuliko jozi za kawaida, lakini peke yake jike hangefaulu kabisa. Yai halidai baba, linadai mtu wa zamu ya pili. Tumecheza hivyo na kifaranga mmoja ametoka salama.

Juni, yaliyobaki

Kadi ya gilimoti, ndege mwingine wa baharini, bado haijachorwa. Huyu anataga yai moja lenye umbo la peasi kwenye ukingo mtupu wa jabali, na kifaranga akiwa na wiki 3 hivi, hajaweza kuruka, anajitupa baharini. Baba anamfuata na kumlea majini wiki kadhaa. Ni mzazi anayempeleka mtoto kwenye chakula badala ya kuleta chakula kwa mtoto, kwa hiyo ubao unahitaji kanuni ya kisiwa kinachotembea. Mchoraji wetu anasema ana wazo.

Muda wa mchezo lazima upungue, kipindi cha klabu kinaisha kabla albatrosi hajamaliza msimu wa kwanza. Sheria zilizoandikwa zinatakiwa ziwe ukurasa mmoja, sasa ni kurasa tatu. Kadi za karatasi zimeshaanza kupinda pembe, na fundi wa steshenari ametutajia bei ya kuzifunika nailoni ambayo klabu haina. Tumepanga kuuza karanga siku ya michezo. Komwe za babu zimepungua moja. Tunamshuku mwizi wa maziwa.